Mtoto wa Mfalme wa Mzenga

Mzenga, Kisarawe
14 Julai 2024

Dada Mwanne,

Mimi ni Mwishehe bin Zubeir, umri wangu miaka sabini na nane. Wake zangu wawili wametangulia, mimi nipo. Wenyeviti wa kijiji nimewaona saba wakiingia na kutoka, watano kati yao nimewatupia udongo kwa mkono huu. Chama cha ushirika wa korosho kilikufa nikikitazama, trekta la kijiji limeoza pale pale lilipozimika, na daktari mmoja aliyesema moyo wangu hautafika mwaka mpya, yeye ndiye hakufika. Usishangae naanza hivi. Kuna mtaalamu hapa anaandika maneno yangu kwenye daftari, na kila siku kabla sijafungua mdomo ananiuliza kwanza umri na niliyoyaona. Nimeshazoea.

Shikamoo dada yangu. Goti linasemaje? Mjukuu wako Raudha hajambo na biashara yake ya maji na soda pale stesheni ya Soga? Mimi mzima, ila sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto linasikia linalopenda, ndiyo maana simu siitaki. Elimu ya watu wazima sikuipitia bure. Darasa la watu arobaini, ni mimi peke yangu niliyesoma gazeti mbele ya mkaguzi. Barua hii anakuletea Zahoro anayepeleka mihogo soko la Mailimoja, na majibu umpe huyo huyo.

Sasa jambo lenyewe, na ukae chini kwanza.

Lile shamba la bondeni, ilipokuwa nyumba yetu kabla hatujahamishiwa kijijini mwaka sabini na nne, limetoa mji. Nasema mji. Mwezi wa tano walikuja watu wa mambo ya kale kutoka Dar, mkubwa wao Daktari Evodius, Mhaya, kijana mpole, na mwanafunzi wake Atupele, binti anayechimba kwa mwiko wa mwashi na kufagia udongo kwa brashi ya rangi kama anamfuta mtoto uso. Wakatoa mavi ya chuma, yale mabonge meusi ya chuma kilichoyeyushwa, debe kwa debe. Wakatoa mabomba ya udongo wa kuchoma, yamenyooka, yana tundu katikati. Nikamwambia Evodius, haya ni mabomba ya maji ya ikulu. Akatabasamu.

Siku ya tisa kikatoka chungu. Kizima, dada! Shingoni kina michoro ya mistari iliyopishana, mdomoni kimefunikwa kigae. Atupele alipofunua ndani, akaita, "Daktari, njoo." Mifupa midogo, midogo kama ya kuku, na ushanga mmoja. Mtoto mchanga. Nikasema papo hapo, watu wote wa kitongoji wakisikia: huyu ni mtoto wa mfalme. Nani mwingine anazikwa ndani ya chungu kizuri namna ile?

Evodius anasema tusikimbilie mfalme. Nataka kumshinda. Wewe mkubwa kwangu kwa miaka mitatu na ulikaa sana miguuni kwa bibi. Niandikie yote aliyosema kuhusu watu wa kale wa bonde lile.

Ni mimi mdogo wako,
Mwishehe

*

Kongowe, Kibaha
2 Agosti 2024

Mdogo wangu Mwishehe,

Marahaba. Barua nimeipata, Raudha amenisomea na yeye ndiye ananiandikia hii, kwa hiyo ukiona mwandiko mzuri usidhani nimezaliwa upya. Goti ni lile lile. Raudha hajambo, stesheni abiria ni wengi na jua ni kali, maji yanatoka. Jirani yetu Mama Evaline, yule Mchaga, amepata mjukuu wa tatu, juzi tulikula naye pilau.

Sasa wewe. Tangu utotoni ukiona kichuguu unasema ni mlima. Bibi hakusema neno lolote la mfalme. Alisema zamani kulikuwa na watu waliojua kupika mawe, wakahama au wakaisha, basi. Mfalme wa Mzenga! Alikuwa anatawala nani, nyani?

Lakini nijibu haya bila maneno mengi. Chungu kimetoka upande gani wa nyumba yetu ya zamani, upande wa jiko au upande wa njia? Ushanga ni wa rangi gani? Kulikuwa na kitambaa?

Na kwa vyovyote vile, mwambie huyo daktari akirudishe chungu na vilivyomo ndani, akifukie pale alipokitoa. Kaburi ni kaburi, hata kama ni la mtu usiyemjua. Mwambie ni dada yako mkubwa amesema.

Wako,
Mwanne binti Zubeir

*

Mzenga, Kisarawe
11 Agosti 2024

Dada Mwanne, shikamoo.

Huku wote wazima. Nguruwe pori wamekula mihogo yangu ya mwaka huu robo eka, nimemkosakosa mmoja kwa panga. Kwa umri huu, nani mwingine anaweza kumkimbiza nguruwe?

Majibu yako: upande wa jiko, hatua tatu kutoka yalipokuwa mafiga. Ushanga wa buluu, mkubwa kama punje ya hindi. Kitambaa hakuna, nyuzi nyuzi tu zimeshikana na udongo. Umefurahi? Maswali yako ni kama ya Atupele, ungekwenda kusoma wewe.

Kurudisha haiwezekani. Chungu kiko Dar kwenye kabati la kioo, na mimi ndiye niliyekishika mwanzo kukitoa shimoni, maana Evodius alisema mikono ya mzee haina haraka. Na kuhusu mfalme, sikiliza jinsi nilivyombana juzi. Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa shimo, ameshika lile bomba.

"Mzee," ananiambia, "hivi ni vibomba vya mivukuto. Walipuliza hewa kwenye tanuri, mawe yakayeyuka, wakapata chuma."

"Bila umeme?"

"Bila umeme."

"Leo hii katika Kisarawe nzima, nani anaweza kuchukua jiwe akalifanya chuma?"

Akafikiri. "Hakuna, mzee."

"Wewe unaweza?"

"Siwezi."

"Basi hao walikuwa wamestaarabika kutupita sisi wote, na ulikuwa mji mkubwa, na ulikuwa na mfalme, na huyu ni mtoto wake. Andika."

Akacheka, Atupele naye akacheka akageuka pembeni. "Walikuwa mafundi hodari mno, hilo naandika. Lakini mji sijauona, mzee wangu. Naona nyumba chache, matanuri na mashamba. Walikuwa wakulima tu, kama wewe."

Kama mimi! Mimi niliyejenga reli ya Tazara kwa mikono hii, miaka minne, mpaka kupita Mlimba, Mchina mwenyewe akinipigia makofi! Nikamwambia wakulima tu hawamwekei mtoto ushanga wa ng'ambo. Hapo aliandika. Amesema ushanga ule unamsumbua hata yeye.

Watasimamisha kibao pale njia panda, na jina langu litakuwa kwenye kibao kwa kuwa shamba ni langu. Mtu asiye na mtoto, dada, jina lake linakufa siku anapofukiwa. Langu litabaki kwenye bati. Kwa hiyo wivu wako uweke pembeni.

Mwishehe bin Zubeir

*

Kongowe, Kibaha
25 Agosti 2024

Mwishehe,

Salamu. Mimi siumwi ila usingizi sipati.

Sina wivu na kibao chako. Nakuomba, na unajua mimi si mwepesi wa kuomba. Wakikuletea karatasi yoyote kuhusu ile mifupa, usitie sahihi. Wakikuambia wanataka kuipima, sema hapana. Chungu wakae nacho, ushanga wakae nao, mabomba yako wayapeleke Ulaya wakitaka. Mifupa irudi. Sababu ninayo, lakini Raudha ndiye ameshika kalamu na mengine si ya kumwandikisha mtoto. Ungekuja mwenyewe Kibaha tungekaa tukazungumza. Njoo. Panda gari na Zahoro, ukae mbele.

Na nina swali jingine. Kaburi la mkeo wa kwanza, Maulida, kule Gwata umewahi kufika hata siku moja?

Dada yako,
Mwanne

*

Mzenga, Kisarawe
3 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Barua yako ya Agosti nimeipata jana. Zahoro alipasuliwa ngiri akalala miezi miwili kwao, na barua ililala naye, mfukoni mwa koti lililotundikwa. Sasa anatembea ameinama lakini anatembea. Mvua za vuli zimeanza, bonde limejaa maji, shimo la Evodius wamelifunika turubai.

Umechelewa. Sahihi nilitia tarehe tisa Septemba, ofisi ya kijiji, mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Mtendaji akanisogezea kidau cha wino wa dole gumba, nikakisukuma. Niliandika jina lote, Mwishehe Zubeir, herufi hata moja haikupinda. Mifupa imepanda ndege. Kule wanasaga kidogo, wanachoma ule unga, mashine inasema miaka. Evodius alinieleza vizuri, kilichosagwa hakirudi, akaniuliza mara mbili kama nimeridhika. Nimeridhika. Mashine ikisema miaka elfu, nimeshinda.

Kibaha siwezi kuja, siku hizi kila mgeni anayefika Mzenga anataka kuongea na mimi.

Kuhusu Maulida, sijui amekujaje katika habari hii. Sijafika kaburini kwake na sitafika. Nilikaa na mwanamke yule miaka sita kama mtu aliyeoa gogo. Mimba moja tu, nayo ikamshinda akaimwaga nikiwa reli. Zena niliyemuoa baada yake naye alikuwa hivyo hivyo. Ni bahati yangu mbaya ya wanawake, mimi mwenyewe ningekuwa na watoto kumi na wawili, kila mtu anajua. Usinitajie Maulida tena.

Mwishehe

*

Kongowe, Kibaha
10 Novemba 2024

Mwishehe,

Basi. Kama imeshapanda ndege, basi.

Hakuna habari huku.

Mwanne

*

Mzenga, Kisarawe
16 Machi 2025

Dada Mwanne,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Umenyamaza miezi minne, mimi nami nikanyamaza, tumefanana kwa baba. Lakini sasa nahitaji kichwa chako.

Wiki iliyopita Evodius alikuja bila Atupele. Alikataa kukaa, kisha akakaa. Majibu yametoka. Kigae cha mdomo wa chungu na makaa ya tanuri vina miaka zaidi ya elfu na mia mbili. Nikapiga kofi. Akasema, "Subiri mzee. Mifupa haijafika miaka sabini."

Nikamwambia arudie, nikidhani ni sikio. Akarudia, kwenye sikio la kushoto. Nikamwambia mashine imelewa. Akasema wamepima mara mbili. Nikamwambia basi wameibadilisha, wamemchukua mtoto wa mfalme wakamweka wao, wametuletea mifupa ya mtoto wa mtu ovyo. Evodius hakukasirika. Alinitazama tu, na nilichukia jinsi alivyonitazama.

Siku mbili baadaye wakaja polisi wawili. Mtoto wa miaka ya karibuni, kazikwa kwenye shamba lako, nani kamzika, kafa kwa nini. Mbele ya majirani, na mimi nimefunga! Nikawaambia shamba ni langu lakini miaka ile nilikuwa naijenga reli, kila mtu atawaambia. Wakaandika. Watu waliokuwa wananisimamisha njiani kuuliza habari za mji sasa wananipita wakiangalia chini. Mtoto wa Mzee Mwinyimkuu amesema kilabuni kwamba mfalme wa Mzenga ameonekana, alikuwa anafukia watoto jikoni.

Nimekaa nikafikiri, nimepata. Yupo mwanamke mwovu aliyechimba hapo, akakuta kaburi la mfalme, akamtoa mtoto wa mfalme akatupa, akafukia haramu yake. Ameniharibia mji wangu. Wewe ulikuwepo nyumbani miaka yote ile. Jiko lilikuwa lenu wanawake, hakuna aliyechimba pale bila nyinyi kumwona. Nitajie jina lake. Kama yu hai nitamburuta mwenyewe mpaka kituoni, kama amekufa nitawatajia watoto wake.

Nasubiri. Zahoro ameambiwa asiondoke Kibaha bila jibu.

Mwishehe bin Zubeir

*

Kongowe, Kibaha
23 Machi 2025

Mwishehe, mdogo wangu,

Raudha ndiye anaandika. Nimemwambia asipunguze na asiongeze.

Mtoto ni wako.

Uliondoka kwenda reli mwaka sabini na moja, Maulida akiwa na mimba ya miezi minne. Alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kiume, mkunga alikuwa Bi Kidawa. Alilia kwa sauti mpaka Bi Kidawa akacheka, akasema huyu kachukua koo la baba yake. Alinyonya siku nne. Siku ya tano aliliacha titi. Siku ya sita alfajiri alikuwa amekwisha. Maulida alikuwa akimwita Zubeir, kwa jina la baba. Hakuwa amepewa rasmi, ni yeye tu alikuwa akimwita.

Mila ya mama zetu nyinyi wanaume hamkuambiwa. Mtoto anayekufa kabla hajatolewa nje ya nyumba haendi makaburini. Wanawake wanamzika karibu na jiko, penye joto, na baba anaambiwa mimba imetoka. Baba akijua atamlilia, na mtoto wa namna hiyo akililiwa, walisema, anawafungia njia wenzake wanaokuja. Kwa hiyo mama akakuandikishia barua ya kwamba mimba imeharibika. Mtoto alikuwa na siku mbili ardhini.

Bi Kidawa alipochimba, jembe liligonga. Tukatoa chungu kimejaa udongo, kizima, na michoro yake shingoni. Hatukujua cha nani. Alikikung'uta, akakisuuza, akasema kimejileta chenyewe kwa kazi hii. Tulimkosha Zubeir kwa maji ya vuguvugu, tukamfunga kipande cha kanga ya Maulida. Ushanga ni wangu, niliukata kwenye uzi wangu wa shingoni nikamfunga mkononi, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa mtoto wa mdogo wangu. Hakuna aliyemswalia. Tungemwita shehe, mngejua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mwaka wa hamsini na nne huu.

Siku ulipomwacha Maulida, mbele ya wazee, ukasema umeoa gogo, nilifungua mdomo. Alinishika mkono. Usiku ule ule aliniapisha. Alisema, "Mwanne, nikirudishwa, nirudishwe mimi. Sitaki anirudishe kwa ajili ya maiti." Akaenda kwao Gwata akaishi miaka thelathini bila mume, na kila mwaka mwezi wa nane aliniletea mchele kidogo hapa nyumbani, hakuwa anasema kwa nini.

Sikukwambia mwaka jana. Kwa sababu ya kiapo, kwa sababu ya Raudha, na kwa sababu niliogopa. Zote tatu, usinichagulie moja.

Dada yako,
Mwanne

*

Kongowe, Kibaha
11 Mei 2025

Mwishehe,

Salamu. Idi imekuja ikapita, Zahoro amekuja mara sita mikono mitupu. Anasema unakula, unalima, huongei. Nitukane basi. Nimezoea matusi yako, kimya chako sikijui.

Jambo moja tu. Polisi wakifika hapa Kongowe nitasema sijui kitu. Nina miaka themanini na mbili. Wataniuliza mtoto alikufaje na mimi sina jibu, alikufa tu. Kiapo cha Maulida nimeshakivunja mara moja, kwako. Sitakivunja mara ya pili mbele ya watu wasiomjua. Usinitume.

Mwanne

*

Mzenga, Kisarawe
8 Juni 2025

Dada Mwanne,

Shikamoo. Idi ya kuchinja imepita salama, nilipelekewa nyama na watu wawili. Masika yameharibu paa upande wa chumbani, nimehamia sebuleni. Nimepokea barua zako zote mbili. Ile ya Machi niliisoma mara moja tu.

Sikunyamaza kwa hasira. Kila nikishika kalamu naandika jina langu halafu nasimama.

Nikwambie ambacho sijamwambia mtu. Zena alipokaa kwangu miaka ishirini bila kushika mimba nilijua ni mimi. Nilijua kabisa. Ndipo nikaanza kutangaza kila mahali kwamba nimeoa magogo mawili, ili watu wawatazame wao. Kumbe Maulida alikuwa anajua nimezaa, angesema neno moja tu ningenyamaza, hakusema. Nikamtukana mpaka alipokufa, na Novemba nikamtukana tena kwa maandishi, nikakutumia wewe usomewe na mtoto.

Mwezi wa nne nilikwenda Gwata. Kaka zake wameuza, eneo limepimwa viwanja, kuna nyumba za bati jekundu mpaka barabarani. Makaburi yalihamishwa yale yaliyokuwa na ndugu wa kuyaonyesha. La Maulida hakuna aliyelionyesha. Nilizunguka kutwa nzima nikibisha hodi kwa watu wa bara wasiojua hata ninamuulizia nani. Mama mmoja alinipa maji.

Halafu nikaenda Dar na Zahoro, mpaka ofisini kwa Evodius. Nilimwambia yote. Nilimwambia, nionyeshe. Alifunga mlango, akaleta boksi la karatasi, dogo, limeandikwa namba. Mfupa wa paja umesagwa wote na wa mkono nusu. Uliobaki unaingia kwenye kiganja changu, nilijaribu. Na sahihi iliyowaruhusu nimeiona hapo mezani, jina lote, herufi hazikupinda.

Akaniambia mambo mazuri pia. Matanuri yamefika kumi na moja. Wakubwa wao wamekubali kwamba watu wale walipata moto mkali kuliko ilivyodhaniwa, kwa akili yao wenyewe, hawakufundishwa na mtu. Sasa hata yeye anatumia neno ustaarabu, na anasema mimi nilimtangulia kulisema. Nimemshinda, dada. Alinipa mkono. Alitaka nifurahi, nikashindwa hata kumdanganya kijana wa watu.

Kisha nikamwambia anisomee kilichoandikwa kuhusu mtoto. Hakutaka. Nikamng'ang'ania. Akasoma: "Mifupa ya mtoto mchanga ndani ya chungu ni uchafuzi wa karibuni, haihusiani na makazi ya kale, na imeondolewa kwenye hesabu."

"Uchafuzi?" nikamuuliza.

"Ni neno la kazi yetu, mzee. Maana yake kitu cha baadaye kimeingia kwenye udongo wa zamani. Si tusi."

"Ana jina."

"Najua sasa. Pole sana."

"Liandike."

Akavua miwani. "Nataka kuandika. Nikiwa na maelezo ya mtu aliyekuwepo, nafuta mstari huu leo, naandika Zubeir Mwishehe, naandika na mila yenyewe, maana ni jambo kubwa hata kwa kazi yetu. Na polisi nao wamesema hivyo hivyo. Wakipata shahidi wanafunga jalada na mifupa unapewa ukazike. Bila shahidi ni mtoto asiyejulikana, inabaki hapa. Lakini maelezo yako hayatoshi. Wewe hukuwepo."

Kesho yake nilikwenda kituoni nikasema nilikuwepo, mtoto nilimzika mwenyewe kwa jembe langu. Nilitaka mambo yaishe, na wewe usiguswe. Yule polisi akafungua daftari lake la Machi. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, kwamba miaka ile nilikuwa naijenga reli na kila mtu atawaambia. Akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike.

Shehe wetu nimemuuliza. Amesema mtoto aliyelia anaswaliwa, hata kwa kuchelewa, hata kwa mfupa mmoja. Kaburi nimeshachimba, hapa makaburini, karibu na baba. Nilichimba peke yangu siku mbili, dogo tu. Mvua imeingia, kila asubuhi natoa maji kwa kopo.

Dada, kiapo chako nakijua uzito wake. Na Maulida alikuwa na haki asirudishwe kwa ajili ya maiti. Lakini uliyemwapia ni mke niliyemwacha, na aliyeko kwenye boksi hakuapa. Sikutumi. Sina tena sauti ya kukutuma. Nakuambia tu Evodius atakuja Kongowe Jumatatu ya tarehe kumi na sita, peke yake, bila polisi, na karatasi. Ukimfungia mlango ataondoka, nimemwambia asibishe mara mbili.

Mimi Mwishehe bin Zubeir nimeandika kwamba nilipata mtoto wa kiume, akaishi siku sita, akalia kwa sauti. Wanaoweza kunithibitishia ni hawa. Mama yetu, amekufa. Bi Kidawa mkunga, amekufa. Maulida, mama yake mtoto, amekufa na kaburi lake halionekani. Mwanne binti Zubeir, wa Kongowe, Kibaha, yu hai.